Nusu ya neno iliyokatwa

Hebu jaza mapengo haya: "Soko la samaki hufunguliwa mapema. Wavuvi huf… na sam… wao, wanu… hukusanyika ufuk…, na mn… huanza ka… jua halija…"

Umemaliza bila kutokwa jasho. Sasa fanya hivyo hivyo kwa Kijerumani: aya nne au tano, kila aya na mapengo yake yapatayo 20, na dakika kama tano tu za kuikamilisha. Zoezi hilo huitwa C-Test, na vyuo vingi vya maandalizi nchini Ujerumani hulitumia kuamua nani aingie na nani arudi kujifunza lugha upya.

Chuo cha maandalizi chenyewe huitwa Studienkolleg. Ni mihula miwili, yaani mwaka mmoja, ya vipindi visivyopungua 28 kwa wiki, kwa vijana wa kigeni ambao cheti chao cha shule hakihesabiwi kuwa sawa na Abitur, mtihani wa Mjerumani wa kumalizia sekondari. Mwenye KCSE ya Kenya kwa kawaida hupitia huko, hata akiwa na A mfululizo. Wazazi huja juu: mtoto kaongoza shule nzima, kisha aanzie darasa la matayarisho? Si dharau. Mjerumani hukaa shule miaka 12 au 13 kabla ya Abitur, na karibu hadi siku ya mwisho hesabu na lugha ya kigeni humfuata apende asipende. Kwetu Tanzania, aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) aliagana na hesabu kidato cha nne. Vyeti vya nchi mbalimbali vimewekwa kwenye hifadhidata inayoitwa anabin. Kuisoma ni bure, ila imeandikwa Kijerumani, na hapo ndipo mawakala wa masomo ya nje hupata riziki yao.

Turudi kwenye mapengo, maana ndiyo yanayowaangusha wanafunzi wangu. Tazama kilichobaki katika sentensi yetu ya Kiswahili. Kwenye "halija…" ukanushi upo, ngeli ya jua ipo, wakati nao upo. Kisu kimekata shina tu, na shina tunalikisia kutokana na habari. Kiswahili hubeba sarufi yake kichwani. Kijerumani huibeba mkiani, na kisu cha C-Test hukata mkia. Neno la herufi tatu hubakizwa herufi moja, "d", nawe uchague kati ya der, die, das, den, dem na des. Kivumishi nacho hukatwa pale pale kwenye -en au -em yake. Ukizungumza, unaweza kuimeza mikia hiyo na Mjerumani akakuelewa vizuri tu. Kwa hiyo kijana anayepiga soga na watalii Forodhani, Zanzibar, kwa Kijerumani kilichonyooka huketi mbele ya karatasi hii akaona giza. Vyuo vingi hutaja B1 kuwa kiwango cha chini cha lugha, vingine B2. Mimi huwaambia wenye B1 wasipande ndege bado.

Karatasi ya pili kwa wengi ni ya hesabu, na mara nyingi kikokotozi hakiruhusiwi. Hapa Mtanzania ana nafuu ambayo haijui, kwa kuwa mtihani wake wa hesabu wa kidato cha nne aliufanya bila kikokotozi, akitegemea majedwali. Kinachomtega ni nukta. Ujerumani, desimali huandikwa kwa mkato na maelfu hutengwa kwa nukta: 3,5 ni tatu na nusu, 2.500 ni elfu mbili na mia tano. Kugawanya huandikwa kwa nukta mbili. Nimeona mtu anayejua kutafuta mzizi wa mlinganyo akapoteza alama kwenye bei ya mkate.

Akishaingia, husoma kozi ya herufi moja. T ni ya watakaosomea uhandisi na sayansi kama fizikia, M ya udaktari na biolojia, W ya uchumi na sayansi za jamii, G ya fasihi na historia. Herufi hiyo si ya kuchagua kwa mzaha. Mwaka ukiisha hufanya mtihani uitwao Feststellungsprüfung, unaorudiwa mara moja tu, na akifaulu hufunguliwa fani za kozi yake. Aliyesoma W hawezi kubadili mawazo akaenda kupasua watu.

Njia hii si ngeni kwetu. Wanaijeria 11 walifika Leipzig mwaka 1951, wanafunzi wa kwanza wa Kiafrika katika Ujerumani Mashariki. Taasisi ya mji huo iliyowafundisha wageni Kijerumani kabla ya chuo kikuu ilipewa jina la Herder mwaka 1961. Zanzibar ilipoitambua nchi hiyo mwaka 1964, wataalamu wake walikuja kujenga maghorofa ya Kikwajuni, na vijana wa Kizanzibari wakaenda huko kusoma. Leipzig bado ina Studienkolleg hadi leo.

Tofauti ya wakati ule na sasa ni nani anayelipa. Vyuo vya serikali kwa kawaida havitozi ada ya masomo, ila mchango wa muhula, na neno "bure" husafiri haraka kuliko maelezo yake. Ili kupata viza, familia nyingi huweka fedha kwenye akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 ni euro 11.904 kwa mwaka, ambazo kijana hutolewa 992 kila mwezi. (Nukta hiyo ni ya Kijerumani. Baba mmoja aliisoma kama euro kumi na mbili kasoro, akafurahi kwa nusu saa.) Vipo pia vyuo binafsi vinavyotoza maelfu ya euro, na baadhi havina idhini ya kutahini. Mwanafunzi husoma huko mwaka mzima, kisha hupeleka jina lake chuo cha serikali kama mtahiniwa wa nje. Wakala aliyemhudumia kijana wangu mmoja hakuligusia hilo mpaka malipo yalipokwisha kutumwa.

Kijana huyo alianguka kwenye C-Test ya kwanza. Sasa huja darasani na gazeti la Kijerumani la zamani, huweka kidole gumba juu ya mikia ya maneno, hutamka kilichofichwa, kisha huinua kidole. Juzi alipata dem mara saba mfululizo. Mara ya nane ilikuwa den, na alitukana kwa Kijerumani, mikia yote ikiwa mahali pake.