Kokoto za Nakivale: Gharama ya kufukia shimo ianze na tripu ya kwanza

Mfanyabiashara anayenunua kokoto katika machimbo madogo ya Wilaya ya Isingiro na kuzipeleka Mbarara huhesabu bei ya mawe, upakiaji na mafuta ya lori. Gharama inayosahaulika kwa urahisi ni ya kuirudisha ardhi katika hali ya kutumika baada ya mawe kwisha. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, gharama hiyo inaweza kuamua kama biashara itaendelea au itafungwa.

Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 hazimruhusu mkimbizi kuuza wala kukodisha kiwanja alichopewa. Kwa hiyo mnunuzi aliyepatana na mwenye shamba peke yake hana mkataba wa kumlinda, hata kama amelipa fedha taslimu.

Aidha, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inataka athari za miradi ya namna hii zitathminiwe kabla ya kazi kuanza, na kibali hutolewa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Suala la maji lina uzito wa pekee hapa, kwani Ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhioevu ya Mburo na Nakivale, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Tope la machimbo likiachwa lifuate mvua, huishia huko.

Mpango mzuri wa machimbo madogo hauhitaji mitambo mikubwa. Kwanza, udongo wa juu wenye rutuba huondolewa na kurundikwa kando, mbali na mapito ya malori, kisha hupandwa nyasi usichukuliwe na mvua. Pili, mifereji huchimbwa kuongoza maji hadi kwenye bwawa la kutuamisha tope. Tatu, eneo hugawanywa vipande: kipande cha kwanza kikiisha mawe hufukiwa kwa kifusi cha kipande cha pili. Mwisho, kingo hulazwa ili mtu au ng'ombe asitumbukie, udongo wa juu hurudishwa, na miti hupandwa. Shimo likiachwa wazi hujaa maji na kuzaa mbu wa malaria.

Faida ya kuanza mapema inaonekana katika hesabu. Tuchukue mfano wa machimbo yanayotarajiwa kutoa tripu 3,000, na ukarabati wa ardhi ukadiriwe kuwa shilingi milioni 30. Akiba ikiwekwa tangu mwanzo, kila tripu itabeba shilingi 10,000. Mchimbaji akikumbuka zikiwa zimebaki tripu 500, kila moja italazimika kubeba shilingi 60,000. Kwa bei hiyo wanunuzi watakwenda kwingine, na shimo litabaki kwa wanakijiji.

Kwamba ardhi iliyochimbwa inaweza kufufuka si ndoto. Huko Bamburi, Mombasa, machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya René Haller. Mivinje ilistahimili pale ambapo miti mingine ilikufa, na jongoo walisaidia kugeuza majani yake kuwa udongo. Leo mahali hapo ni bustani ya wanyama inayotembelewa na watalii. Hata hivyo, kazi hiyo ilichukua miaka mingi na ilikuwa na kiwanda kikubwa nyuma yake. Mchimbaji mdogo hana mfuko huo, ndiyo maana inambidi aweke akiba kidogo kidogo.

Kwa wasafirishaji, funzo ni kuuliza kabla ya kusaini mkataba wa kupeleka kokoto: kibali kiko wapi, nani ameidhinisha matumizi ya ardhi, na fedha za kufukia zinawekwa wapi? Machimbo yakifungwa katikati ya kazi, mkandarasi atamdai aliyeahidi kuleta mawe, na mkopo wa lori hausubiri.