Nyimbo za Gitaa Hutungwaje?

Watu wengi wasikiapo wimbo mzuri katika santuri hudhani kwamba ulimjia mtungaji mzimamzima, kwa kipawa tu. Kipawa kipo, lakini hakitoshi. Yafaa ijulikane kwamba utungaji ni kazi yenye hatua zake, na mfano mzuri ni Mwenda Jean Bosco.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, nchi ya Kongo. Mwaka 1952 alikuwa kijana wa miaka 22, asiyejulikana mbali na mji wa Jadotville, ambao baadaye uliitwa Likasi. Mwaka huo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimsikia akipiga gitaa, akatia nyimbo zake katika santuri, mojawapo ikiwa "Masanga".

Asikiaye bila kuona hudhani wapigaji ni wawili. Siri yake ni vidole viwili. Kidole gumba hupiga nyuzi nene na kushika mwendo, kama mpiga ngoma. Kidole cha shahada hupita juu ya nyuzi nyembamba na kuleta sauti ya wimbo. Mwendo ukiisha kukaa mkononi, mpigaji huweza kuugeuzageuza bila kuupoteza. Kwa hiyo Mwenda aliporudia wimbo hakuurudia vilevile.

Maneno nayo yalitoka kwa watu aliokaa nao. Katika miji ya machimbo ya shaba walikutana wafanya kazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Aliyeimba kwa lugha hiyo alisikiwa na wote.

Lakini santuri ilikuwa na sharti lake. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu hivi tu. Wimbo uliozoea kurefushwa mbele ya wasikilizaji ulilazimika kupunguzwa, na mtunzi alichagua lipi libaki na lipi liachwe.

Santuri za Mwenda zilifika Kenya, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mwenyewe alifika Nairobi, gitaa lake likasikiwa katika redio. Vijana wengi walimwiga. Kuiga si aibu, maana hakuna fundi asiyeanza kwa kutazama mkono wa fundi mwingine. Hasara ni kukomea hapo: mwigaji hata akipiga sawasawa, watu watasema, "Huyo ni kama Mwenda," wala hawatauliza jina lake.

George Mukabi wa Kisa, magharibi ya Kenya, hakukomea hapo. Naye alipiga kwa vidole, lakini alifuata mwendo wa ngoma za Waluhya, na chupa ya soda ikakwaruzwa kusaidia mapigo. Upigaji huo ukaitwa omutibo. Mukabi alifariki mwaka 1963, lakini wimbo wake "Sengula Nakupenda" haukusahauliwa, na wapigaji waliomfuata wakajifunza kwake kama wengine walivyojifunza kwa Mwenda.

Basi kijana anunuaye gitaa leo ana mambo mawili ya kufanya. Kwanza awasikilize mafundi mpaka vidole vyake vitii. Kisha arudi kwao, asikilize wazee waimbavyo shambani na arusini, atafute sauti hizo katika nyuzi zake. La kwanza litampa mkono; la pili litampa jina.