Maiti Imejileta na Matatu: Utani wa Maabara Una Kazi

Kama unaishi Makongeni hapa Thika, huenda jirani yako wa ploti anasomea maabara. Mtajie potasiamu tu, uone vile atacheka.

Stori iko hivi. Potasiamu kwenye damu yako inafaa kuwa kati ya 3.5 na 5 hivi. Sasa mashine inatema 9. Kwa namba hiyo moyo unaweza kusimama wakati wowote, lakini mwenye damu ameketi hapo nje kwa benchi, anakula smokie na kutazama TikTok. Ndio unasikia mmoja akiambia wenzake, "Tuko na maiti, imejileta na matatu." Wote wanaangua kicheko.

Wewe huoni cha kuchekesha, lakini kuna somo ndani. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu. Chupa ikitikiswa ovyo, au damu ikivutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, chembe hupasuka na potasiamu inamwagika. Kwa hivyo shida si ya mgonjwa, ni ya sampuli. Daktari akiiamini hiyo 9, unaweza kutibiwa ugonjwa ambao huna. Mwanafunzi akishacheka hiyo maiti mara moja, hasahau kuuliza: hii damu ilitolewaje?

Saa zingine kichekesho ndicho utafiti wenyewe. Mwaka 2006, Bart Knols na Ruurd de Jong walipewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakufikirisha. Walionyesha mbu wa malaria anavutiwa na jibini ya Limburger sawa na anavyovutiwa na harufu ya miguu ya binadamu. Cheka tu. Baadaye, kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, nyumba ziliwekewa mitego yenye harufu inayoiga ya mtu. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 kwa waliokuwa na mitego.

Lakini kuna mpaka. Wacheke namba, wacheke mashine, wacheke mbu. Jina lako na majibu yako si stori za base. Mtu wa maabara akianza kuchekesha mtaa na majibu ya mgonjwa, huo si utani tena, ni kuanika siri ya mtu.

Na siku utaambiwa urudi utolewe damu tena, usipandishe. Pengine kuna mtu ameona maiti kwa mashine, akakataa kuiamini.