Programu ya Bure Ina Gharama Yake: Nilichojifunza Nilipohamia Linux na Laptopu Yangu ya Mtumba



Leo siongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala jinsi ya kumjibu mteja anayeomba punguzo kila siku. Leo naongelea ile kompyuta yako, au ile unayopanga kununua, na programu zilizomo ndani yake. Usipite haraka, hii inagusa hela yako moja kwa moja.

Mimi nauza viatu vya mtumba vya watoto mtandaoni. Miaka mitatu iliyopita nilinunua laptopu iliyotumika, nikampelekea fundi anisafishie. Kwa elfu ishirini akaniwekea Windows na programu zote za ofisi, akaniambia, "Dada, hizi ziko kamili, hulipii chochote mpaka unazeeka." Nikafurahi. Nikatengeneza faili langu la hesabu: majina ya wateja, namba za simu, saizi za watoto wao, nani kalipa nusu, nani namdai.

Asubuhi moja, wiki mbili kabla ya Krismasi, nikawasha laptopu. Kila faili limebadilika jina na halifunguki. Katikati ya skrini kuna ujumbe wa Kiingereza unadai dola ili mafaili yangu yafunguliwe. Sikuwa na nakala sehemu yoyote ile. Nilikuwa nadai watu zaidi ya laki nne. Nilikesha siku tatu napekua meseji za WhatsApp nikijaribu kukumbuka nani alichukua nini. Wengine walilipa, Mungu awabariki. Wengine walikaa kimya, na sikuwa na ushahidi wa kuwashika.

Fundi mwingine ndiye aliyenipa ukweli. Programu iliyochakachuliwa ili ikubali bila leseni, mara nyingi unaambiwa uzime kinga ya virusi kwanza ndipo iingie. Yaani unafungua mlango mwenyewe, unamkaribisha usiyemjua, halafu unalala. Elfu ishirini yangu ilinunua hasara.

Huyo fundi ndiye aliyenitajia Linux. Nikamuuliza kwa kejeli, "Na hiyo nayo ni ya bure?" Akanijibu, "Ni ya bure kihalali. Hizo ni bure mbili tofauti."

Bure ya kuiba na bure ya kupewa

Chukulia mama mmoja mtaani kwenu anauza achari. Ukinunua chupa, unakula tu, hujui kaweka nini. Sasa chukulia mwingine anakupa chupa pamoja na karatasi ya mapishi, anakuambia: kula, pika mwenyewe, ongeza pilipili ukitaka, uza hata wewe. Ila anaweka sharti moja: ukiuza ya kwako, na wewe mpe mteja mapishi.

Hiyo ndiyo programu huria. Unapewa programu na msimbo wake, yaani yale maandishi ya fundi yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo wa kompyuta ambao kila mtu yuko huru kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo ndiyo yenye lile sharti la achari. Kwa hiyo ukiweka Linux hujamwibia mtu, na hakuna wa kukudai.

Linux yenyewe ilianza mwaka 1991. Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Alitangaza kwa watu wa mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo wake, akasema ni kitu cha kujifurahisha tu, hakitakuwa kikubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL, na watu wakaanza kumletea marekebisho kutoka kila pembe ya dunia. Leo simu yako ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tangu mwaka 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "cha bure hakina ubora", muulize ameandika hiyo meseji kwa simu gani.

Na sisi tumo humo. Ubuntu, moja ya Linux zinazojulikana sana, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huohuo, wataalamu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumsubiri mwenye kampuni aone kama Kiswahili kina faida. Msimbo ulikuwa wazi, wakatafsiri.

Gharama ya kwanza: kujua kuuliza

Sasa nije kwenye gharama, maana nimesema ipo.

Siku ya tatu ya kutumia Linux Mint, printa yangu ya vibandiko vya anwani iligoma. Nikaenda kwenye jukwaa la watumiaji nikaandika: "Printa haifanyi kazi, nisaidieni haraka nina oda." Nikajibiwa kifupi sana: printa gani, toleo gani la Mint, umejaribu nini, inaleta ujumbe gani? Hakuna pole wala karibu. Nilikasirika. Nikasema hawa watu wana dharau, bora nirudi nilikotoka.

Jioni nikaweka tangazo langu la viatu, picha kumi na mbili. Mtu wa kwanza akaandika: "Bei?" Bei ya kipi? Saizi gani? Uko wapi? Nikacheka peke yangu. Kumbe mimi ndiye nilikuwa yule mteja wa "Bei?", tena ninayedai huduma ya haraka kutoka kwa mtu ambaye hata simlipi.

Nikarudi nikaandika upya: aina ya printa, toleo la mfumo, nilichofanya hatua kwa hatua, na maneno yaleyale yaliyotokea kwenye skrini. Ndani ya saa mbili mtu nisiyemjua, ambaye sitamwona maishani, alinielekeza mpaka karatasi ikatoka. Hakuniomba hata vocha.

Gharama ya pili: kujibu hadharani

Kitu kingine kilichonishangaza: nilimwomba yule msaidizi aje inboksi tuongee vizuri. Akakataa kwa upole. Alisema akinijibu pale wazi, kesho mwingine mwenye printa kama yangu atalikuta jibu bila kuuliza tena.

Jamani, sisi tuna ile tabia ya "bei njoo inboksi". Mtu mmoja anajibiwa, watu arobaini wanaondoka bila kuuliza. Tangu siku ile naandika bei, saizi na gharama ya usafiri palepale chini ya picha. Maswali ya kurudiarudia yamepungua, na wanaokuja inboksi sasa wanakuja kulipia. Somo hilo sikulipata kwenye semina ya biashara, nililipata kwa watu wa Linux.

Ila nisiwapambe kupita kiasi. Wapo wenye majibu ya kuudhi, wanaomcheka mgeni kwa kutojua. Torvalds mwenyewe alijulikana miaka mingi kwa kuwafokea wenzake kwa maandishi. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni za mwenendo mwema. Maoni yangu mimi: ukali haujawahi kufanya programu iwe bora, unafukuza tu watu ambao wangesaidia. Lakini pia jibu fupi si tusi. Tofautisha anayekuuliza maelezo na anayekudharau. Wa pili mwache, jukwaa haliishi kwake.

Gharama ya tatu: kumkumbuka aliye nyuma yake

Hii ndiyo iliyonigusa zaidi. Kuna programu ndogo inaitwa XZ, kazi yake ni kubana mafaili. Hakuna anayeisifia, lakini imo ndani ya Linux nyingi. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja anayejitolea. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsukuma: mbona uko taratibu, mbona humwachii mwingine? Akiwa ameelemewa, akampa nafasi msaidizi aliyekuwa akichangia kwa bidii kwa jina la Jia Tan. Mwanzoni mwa 2024 huyo msaidizi akaingiza mlango wa siri ndani ya programu.

Ulikamatwaje? Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta zake za majaribio kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Akachimba, akaukuta, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia kabla mlango haujasambaa kwenye mifumo mingi.

Naona mambo mawili hapo. Moja, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, mtu wa nje aliweza kuchimba mpaka mwisho. Mbili, uwazi peke yake haukumlinda yule mtunzaji aliyeachwa na mzigo peke yake huku wote tunakula bure. Ukishazoea kupewa, ni rahisi kusahau kwamba anayekupa naye anachoka. Sisi wauzaji tunalijua hilo, maana kila siku tunakutana na mteja anayetaka punguzo, usafiri wa bure na zawadi juu yake.

Huna haja ya kujua kuandika programu ili urudishe fadhila. Ukikuta tatizo, liripoti vizuri. Ukiona Kiswahili kimekosewa, pendekeza neno sahihi. Ukijua jibu la mwenzako, mjibu. Ukiwa na chochote, changia. Mimi nimeandika maelekezo ya ile printa kwa Kiswahili, na nimeshapata "asante" tatu.

Ukitaka kuanza, anza hivi

1. Tengeneza nakala ya mafaili yako leo, kabla ya kitu kingine chochote. Weka kwenye flashi, na nyingine mtandaoni. Linux haikuondolei jukumu hili, na laptopu ikiibiwa, mfumo hausaidii kitu.

2. Usihame mara moja. Weka kwanza LibreOffice kwenye Windows yako ileile. Hii ilitokana na OpenOffice mwaka 2010, na inafungua mafaili ya Excel na Word. Itumie mwezi mzima kwa hesabu zako. Kwa kuhariri picha jaribu GIMP.

3. Pakua kutoka tovuti rasmi ya mradi, si kutoka kwenye kiungo ulichotumiwa kwenye kundi. Linux Mint ni kama GB 3, kwa hiyo panga bando lako, au fanya kazi hiyo sehemu yenye Wi-Fi unayoiamini.

4. Ijaribu bila kuifunga. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unaona kama Wi-Fi, sauti na printa vinakubali. Usipoipenda unachomoa, Windows yako iko palepale.

5. Laptopu ya zamani si kikwazo. Mint inakubali RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo utatumia kwa raha. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Kabla hujaitupa ya kwako, jaribu hili.

Nani asihame?

Kama kazi yako inategemea Photoshop, au una programu ya mauzo au kifaa kinachokubali Windows tu, baki ulipo na ununue leseni halali. Kama faili lako la Excel lina makro nyingi, lijaribu kwanza, zinaweza kukataa. Hakuna aibu kulipia programu. Aibu yangu mimi ilikuwa kukabidhi biashara nzima kwa kitu cha wizi ili niokoe hela ya leseni.

Laptopu yangu ni ileile ya mtumba. Faili la madeni lipo, na kila Jumapili jioni nalinakili kwenye flashi ninayoiweka kabatini. Zile laki nne sikuzipata zote, na sitazipata.

Wewe je, faili lako la wateja liko sehemu ngapi sasa hivi? Niambie kwenye komenti, na kama umekwama na printa au Wi-Fi, uliza hapahapa wazi ili na mwenzako afaidike. Ila tafadhali, usiandike "haifanyi kazi" peke yake.

Shea na mwenzako mwenye laptopu nzito. Biashara njema!