Mukuba, makala na piano

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama wa ku kambi, najua mutacheka. Piano na orkestra, si ndiyo muziki ya bakubwa wenye kravati? Mimi pia niliwaza vile, mpaka mutoto wangu akanifungulia diski moja ku telefone, siku ile nimetoka posti ya kwanza na kuchoka. Nikamuuliza: hii makelele ni nini, konkaseri?

Kumbe ni piano. Mupigaji ni Conrad Tao, kijana wa Marekani, na diski yake ya mwaka 2019 inaitwa American Rage. Ndani kuko vipande viwili vya Frederic Rzewski, vya miaka ya 1970. Kile nilichosikia kimetoka kwa nyimbo ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Winnsboro, Carolina ya Kusini. Mupigaji anaangusha mukono, tangu kiganja mpaka kiwiko, upande wa sauti nzito, na mashini zinaanza kuzunguka. Mutu aliyefanya kazi karibu na broyeri hana haja ya kuelezwa.

Kipande kingine njo kinatuhusu zaidi. Mwaka 1931, kule Harlan, jimbo la Kentucky, wachimba makala walikuwa wanapigania sendika yao. Watu wa sherifu wakaingia mu nyumba ya Sam Reece, mumoja wa viongozi. Hawakumukuta. Walikuta bibi yake Florence na watoto, wakapekua kila fasi. Walipoondoka, yule mama akachana karatasi ya kalendari ukutani, akaandika nyimbo ambayo jina lake ni swali: Uko upande gani? Rzewski aliichukua akaikatakata. Unasikia kidogo hapa, kidogo pale, kama watu wanabishana mu mukutano, huyu anakatiza yule. Kusoma noti sijui, lakini mikutano ya namna ile nimeikalia miaka mingi.

Huyu Rzewski, aliyekufa mwaka 2021, alifundisha muda murefu Liège, muji wa makala mu Ubelgiji. Kazi yake kubwa aliitunga mwaka 1975 juu ya nyimbo ya Chile, akaigeuza namna 36. Chile ni inchi ya mukuba kama kwetu. Mwaka 1971 Salvador Allende alitia mine za mukuba mikononi mwa serikali. Hapa Union Minière ilikuwa imechukuliwa mwaka 1967. Tarehe 11 Septemba 1973 askari wakamupindua. Igor Levit aliirekodi kazi hiyo mwaka 2015, akaiweka mu boksi moja na Bach na Beethoven, bila kuomba musamaha kwa mutu. Nampenda kwa hiyo. Lakini inachukua saa nzima, usianze nayo, megabayiti zitaisha.

Kwa orkestra, tafuta Fire in my mouth ya Julia Wolfe, iliyopigwa na New York Philharmonic mwaka 2019. Ni habari ya moto wa kiwanda cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911. Mulango mumoja ulikuwa umefungwa na ufunguo. Walikufa watu 146, wengi wao mabinti washonaji. Waimbaji nao ni 146, bamama na mabinti, na kuko fasi unasikia makasi yanakata. Mwishoni wanaimba majina ya wafu.

Pale nilizima telefone kwanza. Niliwaza tarehe 9 Desemba 1941, ku stade ya Élisabethville, wakati wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara na askari wakapiga masasi. Jina la Léonard Mpoyi tunalikumbuka. Wale wengine walioanguka pamoja naye walikuwa na majina pia, na bibi zao, na nyimbo za kilio.

Mama au koko anayejua nyimbo iliyoimbwa mu kambi wakati ule, anijulishe ku biro ya sendika. Nitakuja nyumbani na telefone nichukue sauti. Tutaomba tu jirani apunguze redio.