USISUBIRI MSIMU UFIKE NDIO UANZE KUPOSTI

Leo tuvuke bahari mpaka Florida, Marekani. Kule kuna manahodha wenye boti moja tu, wanauza safari za kuvua mtandaoni kama wewe unavyouza viatu au vitenge. Samaki wao anaitwa taponi. Anaweza kupita kilo 45, na akinasa kwenye ndoano anaruka juu ya maji mpaka mvuvi anatetemeka.

Cha kushangaza, mteja harudi na kitoweo. Tangu 2013, sheria ya Florida inataka taponi aachiwe, isipokuwa kwa aliyelipia kibali maalumu cha kuwania rekodi. Kwa hiyo nahodha hauzi samaki, anauza SIKU. Akikosea siku, mteja kalipa bure na jina la nahodha linaharibika.

Siku nzuri inapatikanaje?

1. Joto la maji. Taponi hapendi baridi. Maji yakianza kupata joto, makundi yanapanda kaskazini kufuata pwani. Baridi ikirudi, yanashuka kusini. Pale Boca Grande, kusini magharibi mwa Florida, kilele ni mwezi wa 5 na wa 6.

2. Mwezi wa angani. Ukiandama au ukiwa mpevu, kunakuwa na bamvua. Maji yakitoka kwa kasi yanakokota kaa, na taponi wanawasubiri mlangoni mwa ghuba.

3. Dhoruba. Msimu wa vimbunga kule unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, kwa hiyo masharti ya kuahirisha safari lazima yajulikane mapema.

Sasa piga hesabu. Bamvua huja kama mara mbili kwa mwezi. Ndani ya Mei na Juni, nahodha ana vipindi vinne au vitano tu vya siku chache chache. Akianza kutangaza Mei kachelewa, maana mtalii anahitaji kuomba likizo, kukata tiketi na kutafuta hoteli. Siku ya boti kukaa tupu haiwekwi stoo ikauzwa kesho.

Wewe unafanyaje?

✅ Jua kinachosukuma msimu wako. Sare na madaftari yanasukumwa na shule kufungua Januari. Kanzu na tende zinasukumwa na Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Ukikopi tarehe za mwaka jana, umeumia.

✅ Hesabu kurudi nyuma. Mzigo unachukua siku ngapi kufika? Fundi anashona kwa siku ngapi? Mteja anahitaji muda gani kujipanga kifedha? Jumlisha zote. Hapo ndipo posti ya kwanza inapoanzia.

✅ Uza nafasi. "Nachukua oda 20 tu za kushona kabla ya Idi." Pokea malipo ya awali, na masharti yaandikwe: mteja akighairi inakuwaje, na wewe ukichelewa inakuwaje. Msielewane kwa mdomo halafu mgombane inboksi.

✅ Ahidi unachokiweza. Nahodha hawezi kuahidi samaki. Anaweza kuahidi boti nzima, chambo na kuondoka kwa wakati. Na wewe usiandike "utapokea kesho asubuhi" wakati mzigo uko mikononi mwa basi. Andika siku unayoukabidhi kwa basi.

Kwa wenzetu wa Watamu na Malindi mnaouza safari za kuvua sulisuli, hesabu ni hiyo hiyo, ila kwenu anayeamua ni kaskazi na kusi. Kusi likishachafua bahari, tangazo zuri kiasi gani halitaituliza.

Haya, chukua daftari sasa hivi. Bidhaa yako inauzika zaidi mwezi gani, na posti ya kwanza unatakiwa kuitoa lini? Tuandikie kwenye komenti, tupige hesabu pamoja 👇