Samaki wa Kipupwe na Mito Inayowalea

Ikifika Juni, mabeseni ya wauza samaki wa Maili Moja, Mlandizi na Kisarawe mjini hubadilika sura. Nguru na jodari huadimika, na wakipatikana bei yao humfanya mnunuzi aulize mara mbili. Nafasi yao huchukuliwa na tasi, changu wadogo, chaa, pono na mkizi. Mteja akilalamika, muuzaji humjibu kwa neno moja: kusi. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya maelezo. Upepo wa kusi unaeleza kwa nini samaki wa maji makuu hawafiki sokoni. Hauelezi kwa nini hao wengine wapo, wala nani anayewatunza. Nusu hiyo ya pili inawahusu sana watu wa Kibaha na Kisarawe, ingawa wilaya zao hazina ufukwe.

Tuanze na upepo wenyewe. Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa ya pepo. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, nayo kwa kawaida huja na bahari tulivu. Kusi huanza karibu na Aprili, hupata nguvu Juni hadi Agosti, kisha hulegea Septemba na Oktoba. Miezi hiyo ya katikati ndiyo kipupwe, wakati wa baridi yetu. Maji ya juu ya bahari, ambayo Machi hukaribia nyuzi joto 29 au 30, hushuka hadi nyuzi 25 au 26. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima, husukumwa na kusi na kuongeza kasi. Mawimbi hukoroga maji ya juu na ya chini, na samaki wanaosafiri kwa makundi katika maji makuu huwa vigumu kuwafuata.

Mvuvi mdogo ndiye anayeumia kwanza. Ngalawa na mashua za tanga hazikuundwa kupambana na bahari ya Julai nje ya miamba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, hiyo ni amri ya kubaki nyumbani kwa kila mwenye chombo kidogo. Tahadhari hiyo iheshimiwe. Kila mwaka bahari huchukua watu waliodhani uzoefu wao unatosha.

Lakini familia hula kila siku, na kwa hiyo uvuvi huhamia ndani, kwenye ghuba na mahori. Ghuba ya Msasani ni mfano mzuri. Rasi ya Msasani huikinga upande ule ule ambako kusi hutoka, na visiwa vya Bongoyo, Pangavini na Mbudya huvunja nguvu ya mawimbi upande wa nje. Kusini zaidi, Kisiju hupata kinga ya visiwa vidogo vya Kwale na Koma, huku Mafia ikizuia bahari kuu mbele ya delta ya Rufiji. Kaskazini, hori la Mbegani karibu na Bagamoyo hubaki na maji mapole hata siku ambazo nje hapaendeki. Sehemu kama hizi ndizo zinazoilisha pwani wakati wa kipupwe.

Ndani ya ghuba, mvuvi hupanga siku yake kwa saa mbili, ya upepo na ya maji. Alfajiri kuna umande, upepo mwepesi unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Jua likipanda, kusi huungana na upepo wa baharini wa mchana na kuzidi nguvu. Maji nayo yana ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri, hupwa mpaka saa 4 au 5 asubuhi, kisha hujaa tena hadi alasiri. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kwa hiyo ngalawa hutoka kwa umande na maji yanayopwa, na hurudi kwa kusi na maji yanayojaa. Upepo na maji vyote viwili humsaidia mwenye tanga kwenda na kurudi, na hahitaji hata lita moja ya mafuta. Huu ni ujuzi wa vizazi vingi, na vipimo vya kisasa vya upepo na maji vinaafikiana nao.

Zana nazo hufuata mwendo huo. Wando, uzio wa fito unaosimamishwa kwenye tambarare ya pwani, hutegemea bamvua. Samaki huingia na maji yakijaa. Yakipwa wanaufuata uzio wakitafuta kina, mwisho wanajikuta chumbani. Mwenye wando huwachukua kwa miguu. Madema, mitego ya kusuka, huzamishwa kwenye nyasi za bahari kumnasa tasi, ambaye hula nyasi hizo na mwani. Siku za maji mafu, mikondo inapotulia, mshipi hufanya kazi vizuri zaidi mdomoni mwa hori. Wanawake huingia maji ya magotini kutanda uduvi, na bamvua ikipwa asubuhi huenda kwenye miamba kutafuta pweza na chaza. Ndani ya hori wavuvi humzungushia wavu mkizi, naye akiona amefungiwa huruka juu. Tabia hiyo ndiyo iliyowapa wahenga msemo wa hasira za mkizi kuwa furaha ya mvuvi.

Sasa tuwaangalie samaki wenyewe. Bahari ya mbele ya pwani yetu, ukiondoa sehemu za midomo ya mito, ina virutubisho vichache. Maji yake ni ya buluu na yanapendeza machoni, lakini buluu hiyo ni dalili ya upungufu wa vijimea ambavyo ndivyo chakula cha kwanza cha viumbe vya baharini. Utajiri wa samaki wa karibu hutokana na mambo matatu: miamba ya matumbawe, nyasi za bahari, na mikoko. Mkoko, mchu, msinzi, mkandaa na mlilana hushika matope, hudondosha majani yanayooza na kulisha kaa na uduvi, na mizizi yao huwaficha samaki wachanga wasiliwe na wakubwa. Kamba huishi maisha yao yakiwa yamegawanyika: mzazi hutaga nje baharini, vifaranga huingia mahorini na kukaa miezi kadhaa palipochanganyika maji chumvi na maji baridi, kisha hutoka wakiwa wamekua.

Hayo maji baridi hutoka wapi? Hapo ndipo Kisarawe na Kibaha zinapoingia katika habari hii.

Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ndivyo chimbuko la Mto Msimbazi, unaovuka jiji la Dar es Salaam kupitia Vingunguti na Jangwani na kumwaga maji baharini penye Daraja la Selander. Kutoka vilima hivyo hivyo hushuka Kizinga na Mzinga, mito inayoingia kwenye hori lililo nyuma ya bandari ya Dar es Salaam. Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, hupita Wilaya ya Kibaha kwenye tambarare za Ruvu na Mlandizi, kisha huingia baharini Bagamoyo kupitia mikoko yake. Kisarawe ilikuwa hata na bahari yake: kabla ya Mkuranga kuwa wilaya katika miaka ya 1990, Kisiju ilihesabiwa kuwa Kisarawe. Mpaka wa utawala ulihamishwa, lakini mito haikubadili njia.

Kuna jambo moja la majira ambalo wengi hatulitilii maanani. Kipupwe huja mara tu baada ya masika. Machi hadi Mei mito hujaa na kupeleka pwani virutubisho vya nchi kavu. Juni mvua hukatika, wakati ule ule ambapo wavuvi wanahamia ghubani. Kuanzia hapo hadi vuli, mto huishi kwa maji yaliyozama ardhini wakati wa masika na kutoka polepole kupitia chemchemi. Msitu huipa mvua muda wa kuzama. Kilima kilichokatwa miti hutiririsha maji yote kwa siku chache pamoja na udongo wake, kisha hukauka. Kwa hiyo msitu wa vilimani hulisaidia hori mara mbili: masika huzuia tope, kipupwe hutoa maji.

Ndiyo maana Pugu na Kazimzumbwi zina uzito mkubwa. Misitu hii, ambayo leo inahifadhiwa pamoja kama hifadhi ya mazingira asilia, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na kwa miaka mingi imekatwa kwa ajili ya mkaa, mbao na mashamba, kwa kuwa jiji lenye njaa ya nishati liko jirani kabisa. Gunia la mkaa likishuka Gongo la Mboto, tunahesabu miti iliyokatwa. Ni nadra kuhesabu udongo unaoteremka na Msimbazi masika inayofuata, ukaishia juu ya nyasi za bahari. Nyasi hizo huhitaji mwanga kama shamba la mahindi linavyohitaji jua. Maji yakibaki na tope wiki baada ya wiki, hudhoofika, na tasi hukosa malisho. Kipupwe kikifika, mto umepungua na takataka za viwandani na majumbani hazipati maji ya kuzipunguza makali. Hori hupokea uchafu mzito zaidi katika miezi ambayo watu wengi zaidi wanalitegemea kwa kitoweo.

Ruvu ina tatizo la aina nyingine. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, umekuwa ukichota maji ya mto huu tangu 1959, na Ruvu Chini, Bagamoyo, tangu 1976. Mamilioni ya watu wa Dar es Salaam na Pwani hunywa maji hayo, na hakuna anayetaka yakatwe. Hata hivyo, mwaka 2022 ukame ulipoushusha mto hadi jiji likaingia kwenye mgao, tuliona jinsi akiba yetu ilivyo ndogo. Mto unaposhuka kiasi hicho, maji ya chumvi hupanda juu zaidi mdomoni, na sehemu ya maji mchanganyiko ambayo kamba wachanga wanaihitaji hupungua. Mahesabu ya Ruvu yanapaswa kuweka fungu la bahari kama yanavyoweka fungu la bomba na fungu la umwagiliaji.

Wavuvi nao wana wajibu wao. Kusi ndio msimu ambao kokoro, yaani nyavu za kukokota, huwashawishi watu zaidi, kwa sababu halihitaji kutoka nje. Nyavu hizo huburutwa juu ya nyasi na kubeba samaki wachanga ambao wangekuwa kitoweo cha mwakani. Zimepigwa marufuku kwa sababu ya msingi. Baruti ni mbaya zaidi: mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo, na huvunja matumbawe yaliyochukua miongo kukua. Ukiwa Maili Moja au Kisarawe unaweza kumtambua samaki wa baruti. Nyama yake hulegea mapema, ndani ya tumbo kuna damu iliyovuja, na uti wa mgongo mara nyingi umevunjika. Mwache mezani. Samaki mzuri ana macho yanayong'aa na kujaa, mashavu mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Mnunuzi anayekataa samaki wa baruti hulinda mwamba bila kushika mtumbwi.

Yale ya ardhini yanahitaji mamlaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ukifuata Msimbazi au Kizinga kuanzia Kisarawe kwenda chini, utaona bustani, uchimbaji wa mchanga na nyumba ndani ya mita hizo. Kuwapa wakulima wa kingo maeneo mbadala, kusimamia uchimbaji wa mchanga, na kuzipunguzia familia gharama ya gesi ili mkaa usiwe chaguo pekee ni kazi ya uvuvi, hata kama haimo kwenye bajeti ya uvuvi.

Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yako Kibaha. Bagamoyo, Mkuranga, Kibiti na Mafia, zenye bahari, huripoti kwenye ofisi zile zile ambazo Kisarawe na Kibaha, zenye mito na misitu, zinaripoti. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu nayo inashughulikia Ruvu, Msimbazi, Kizinga na Mzinga. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ipo Dar es Salaam, na wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi ana kampasi Mbegani. Watu na ujuzi tunavyo. Kinachotakiwa ni afisa misitu wa Kisarawe, afisa maji wa bonde na afisa uvuvi wa Mkuranga au Bagamoyo wakae meza moja kabla ya kila masika, na mpango wa kulinda vilima usomwe pamoja na mpango wa kulinda mahori. Kila mti unaoachwa usimame Kazimzumbwi unafanya kazi ya uvuvi, na mkulima anayeuacha anastahili kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaoilisha pwani hii.